Nani atawatupia libanga wafu wa Kisangani?



Mwaka 2000 muziki wetu ulipanda juu sana. Tarehe 19 mwezi wa pili, Koffi Olomide alijaza Bercy, ule ukumbi mkubwa wa Paris. Tarehe 16 mwezi wa kenda, Werrason naye akaujaza. Kaseti na video za zile konseri mbili zilitembea inchi yote. Mpaka leo, hata kijana aliyezaliwa nyuma ya hapo atakutajia nani alipiga gita la solo, nani alikuwa atalaku, nani alicheza mbele.

Kati ya zile tarehe mbili kuna zingine: tarehe 5 mpaka tarehe 10 mwezi wa sita. Siku zile sita, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda walipigana ndani ya Kisangani, mji ambao haukuwa wa mmoja wao. Ujumbe wa ONU ulisema mabombe zaidi ya 6.600 yaliangukia mji, raia zaidi ya 760 walikufa, na kama 1.700 waliumia. Sasa naomba kila mmoja wenu ajaribu kitu kidogo. Utaje majina kumi ya wale waliokufa. Kumi tu. Ukishindwa kumi, utaje matatu.

Mimi ni mtoto wa Kisangani, na hata kwetu jaribio hili ni gumu. Bazee wetu wanagawa wakati mu vipande viwili: mbele ya vita ya siku sita, na nyuma yake. Fulani alioa mbele, fulani alizaliwa nyuma. Kila familia inajua wafu wake. Lakini mji mzima, sisi wote pamoja, tunajua paka hesabu.

Vita ile haikuanguka toka mbinguni. Mwezi wa munane 1998, Kigali na Kampala waliingia vitani pamoja, upande wa RCD. Mwaka 1999 RCD ikapasuka: tawi la Goma likabaki na Rwanda, na tawi la Wamba dia Wamba likahamia Kisangani chini ya ulinzi wa Uganda. Mji wenye biashara ya almasi, wenye bandari ya mto na viwanja viwili vya ndege, ukawa na wakubwa wawili. Walipigana mwezi wa munane 1999, wakarudia mwezi wa tano 2000, na mwezi wa sita wakamaliza nguvu zao zote juu ya vichwa vyetu. Tarehe 16 mwezi ule Baraza la Usalama la ONU lilipitisha azimio nambari 1304 kuwaambia watoke. Lakini wafu walikuwa wamekwisha kuzikwa, wengine ndani ya parsele, juu njia ya makaburi ilikuwa njia ya risasi.

Hapa kuna jambo ambalo sisi tuliosoma tunapaswa kulitazama vizuri. Miaka kumi nyuma ya vita, mwaka 2010, ONU ilitoa rapport Mapping, ile kazi kubwa iliyokusanya matukio 617 ya uhalifu kwenye inchi yetu, toka mwezi wa tatu 1993 mpaka mwezi wa sita 2003. Kuhusu siku sita za Kisangani, rapport ile inasema raia waliokufa ni kati ya 244 na 760. Toa moja ndani ya ingine: unabaki na watu 516. Watu 516 ambao hesabu moja inasema walikufa na ingine haiwaoni kabisa. Kila mmoja wao alikuwa na jina, na mama aliyemwita kwa jina lile. Wamepotea kati ya nambari mbili.

Neno langu leo ni moja. Inchi hii inajua sana kukumbuka. Yenye kusema sisi Wakongomani hatuna kumbukumbu ni uongo, na muziki wetu ni ushahidi. Lakini muziki unakumbuka kwa majina, na vita tunaikumbuka kwa hesabu. Mpaka siku tutakapowakumbuka wafu wetu namna tunavyowakumbuka wanamuziki wetu, jina kwa jina, wataendelea kufa mara ya pili na ya tatu.

Tutazame kwanza vile muziki ulivyofanya.

Mwaka 1948, ku Léopoldville, mfanyabiashara Mgriki Nicolas Jeronimidis alifungua nyumba ya diske iliyoitwa Ngoma. Mwaka ule ule Wendo Kolosoy, aliyekuwa makanika wa mashua mu mto, aliimba "Marie-Louise". Kiisha ikaja Loningisa, mwaka 1950. Wale Wagriki hawakuwa wanahistoria, walitafuta faranga. Lakini juu ya kila diske walibandika karatasi ya duara: jina la wimbo, jina la mwimbaji, nambari. Ile karatasi ndogo imeshinda miaka sabini. Wendo alikufa mwaka 2008, na hakuna mtu anayebishana kama aliishi ao hapana.

Mfano mwingine uko upande wetu wa Kiswahili. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kunasa sauti, alifika Jadotville, leo Likasi. Alimkuta kijana anapiga gita namna ambayo hakuwa ameisikia bado. Alinasa "Masanga", na akaandika: jina, mahali, mwaka, luga, chombo. Kijana yule alikuwa Mwenda Jean Bosco. Leo ku Ulaya na ku Marekani kuna watu wanaojifunza gita kwa vidole vya Mwenda. Kama Tracey angenasa sauti bila kuandika jina, Mwenda angekuwa paka "mwanamuziki mmoja wa Katanga", na pengine sauti yake ingeuzwa kwa jina la mwingine.

Kuna pia "Indépendance Cha Cha". Grand Kallé na African Jazz waliupiga ku Bruxelles mwezi wa kwanza 1960, wakati wa Meza ya Mviringo. Ukiusikiliza kwa masikio ya mwanahistoria, utaona kwamba wimbo ule, kwa sehemu kubwa, ni orodha. Kasa-Vubu yumo, Lumumba yumo, na Bolikango, Kalonji, Tshombe, Kamitatu, pamoja na vyama vyao. Walikuwa wapinzani, na wengine wao baadaye walitafutana mpaka damu, lakini ndani ya wimbo wanakaa pamoja. Mtoto ambaye hajawahi kufungua kitabu cha historia anamjua Bolikango sababu ya ule wimbo. Mwalimu angefanya kazi mwaka mzima kumtia mtoto majina yale kichwani, na Kallé alifanya kwa dakika tatu.

Kiisha kuna mabanga. Nyinyi wote mnajua, lakini niseme kwa ajili ya wale walioko mbali. Libanga kwa Lingala ni jiwe, na kutupa libanga ni kuita jina la mtu katikati ya wimbo. Toka miaka ya 1990 desturi hii ilikua mpaka ikameza nyimbo. Ndani ya dakika kumi unaweza kusikia majina makumi: mfanyabiashara, mbunge, ofisa, mtu wa Ulaya anayetuma dola, mke wake, mtoto wake. Kwa sehemu kubwa majina yale yanalipwa. Wengi wanachukia mabanga, wanasema yameua rumba. Mimi nayachukulia kama kilio cha watu. Mtu anatoa pesa ya mwezi mzima ili jina lake lisemwe mara moja, juu anajua kwamba ku inchi yetu jina lisilosemwa linapotea haraka.

Desturi ile haikuanzia studio. Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu mwaka 1949 kwa jina la Shungu Wembadio, alikuwa mtoto wa mama mwombolezaji. Mama yake aliitwa ku matanga kuimbia wafu, na Wemba mwenyewe alisema kwamba sauti yake ilitoka pale. Wale ambao wamekaa ku kilio cha kijijini wanajua kazi ya mama kama yule. Halii ovyo. Anamwita marehemu kwa jina, anamwita mtoto wa nani, mjukuu wa nani, alitoka mto gani, alifanya nini. Ndiyo kusema kuita jina kulikuwa kwanza deni kwa mfu. Baadaye tukalihamisha deni hili kwa wazima wenye pesa.

Na wanamuziki wenyewe, wakifa, tunawalipa deni lile bila kuhesabu. Franco alipokufa, tarehe 12 mwezi wa kumi 1989, Mobutu alitangaza siku ine za matanga kwa inchi nzima, na leo Franco ana sanamu yake Kinshasa. Tabu Ley alikufa Bruxelles tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 2013, akarudishwa na kuzikwa na serikali kwa heshima. Papa Wemba alianguka jukwaani ku Abidjan tarehe 24 mwezi wa ine 2016, na mwili wake ulilazwa Palais du Peuple watu wapite kumuaga. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba yetu, ya Congo zote mbili, kwenye urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Yote hii ni haki. Sitaki hata sanamu moja ipunguzwe.

Sasa tugeuke upande wa pili.

Mwaka 1964, Kisangani ingali Stanleyville, Simba walichukua mji. Waliwatafuta kwanza makarani, walimu, watu wa vyama vingine, wale ambao wakati ule waliitwa wasomi. Ndiyo kusema watu kama sisi. Wengi waliuawa hadharani, mbele ya mnara wa Lumumba. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, maaskari wa Ubelgiji walishuka kwa parashuti, ku ndege za Marekani, kuokoa wazungu waliokuwa mateka. Siku ile daktari mmoja Mmarekani, Paul Carlson, alipigwa risasi akiruka ukuta. Uso wake ulitoka juu ya jalada la gazeti la Time, na leo jina lake linapatikana kwa dakika moja. Sina wivu naye. Alikuwa amekuja kutibu watu wetu, na familia yake ilifanya kazi yake ya kumkumbuka. Lakini Wakongomani waliokufa mwaka ule, kwa mkono wa Simba na kwa mkono wa wale waliokuja kulipiza kisasi, wanaandikwa kwa neno moja: maelfu.

Tarehe 24 mwezi wa munane 1998, ku Kasika, wilaya ya Mwenga, Kivu ya Kusini, maaskari wa RCD na wa Rwanda waliua watu. Rapport Mapping inasema zaidi ya elfu moja, ku Kasika, Kilungutwe na Kalama. Tunajua jina la mwami Mubeza, aliyeuawa pamoja na mke wake. Lakini angalia vizuri: tunamjua juu alikuwa mwami. Yule mama aliyekuwa anatoka soko la Kilungutwe na kitunga kichwani, nani atatuambia jina lake? Hata ndani ya mauaji, mkubwa anabaki na jina na mdogo anabaki na nambari. Miezi mitatu nyuma yake, ku Kinshasa, Pepe Kallé alikufa, na mji ulisimama. Mwaka mmoja, inchi moja.

Nirudi kwetu. Tarehe 14 mwezi wa tano 2002, kikundi cha maaskari na polisi walishika redio ya Kisangani kwa saa kidogo na kuwaita watu wafukuze Wanyarwanda. RCD-Goma ilirudisha mji siku ile ile, na kiisha ikaingia komini Mangobo. Raia waliuawa, na polisi na maaskari walioshukiwa walipelekwa usiku ku daraja ya Tshopo, wakauawa na kutupwa majini. ONU ilihesabu wafu zaidi ya 160. Mto Tshopo hauna kaburi. Kwa familia ambayo haikuona mwili, jina ndiyo mahali pekee pa kuweka ua.

Kuna wale watakaosema: majina ni mambo ya moyo, na sisi tunataka haki na pesa. Basi niseme juu ya haki na pesa.

Congo ilipeleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, CIJ, ku La Haye. Mwaka 2005 mahakama ilisema Uganda ina makosa. Rwanda haikuhukumiwa: mwezi wa pili 2006 mahakama ilisema haina mamlaka juu ya kesi ile, juu Rwanda haikukubali kuhukumiwa pale. Ikabaki kuhesabu deni la Uganda. Congo ilidai zaidi ya dola miliari 11, na ilisema raia 180.000 walikufa sababu ya Uganda. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 hukumu ikatoka: dola milioni 325. Milioni 225 kwa watu, 40 kwa mali, 60 kwa utajiri wa asili. Uganda ilipe milioni 65 kila mwaka, miaka mitano.

Tofauti kati ya miliari 11 na milioni 325, imetoka wapi? Siasa inaweza kuwa na sehemu yake, na sheria pia. Lakini someni hukumu yenyewe, bandugu. Kwa wafu, mahakama ilikataa ile hesabu ya 180.000, ikasema ushahidi hautoshi, na ikakadiria kati ya 10.000 na 15.000. Fomu za waathiriwa zilifika La Haye nyingi zikiwa hazina karatasi ya kuzishika mkono. Majaji hawakusema watu hawakufa. Walisema, kwa luga yao: mtuonyeshe. Na sisi hatukuwa na cha kuonyesha, juu kwa miaka zaidi ya ishirini hakuna mtu aliyekwenda mlango kwa mlango na kaye na biki kuuliza: nani alikufa hapa, alikuwa na miaka mingapi, siku gani, nani aliona?

Sasa pesa zimeanza kuja, na serikali iliweka FRIVAO ku Kisangani ili wagawiwe waathiriwa wa vita ya Uganda. Kuna pia FONAREV, iliyotoka mu sheria ya mwezi wa kumi na mbili 2022. Na toka mwaka 2023 tarehe 2 mwezi wa munane imekuwa siku ya serikali ya kuwakumbuka wafu wetu, siku ya Genocost, baada ya vijana wetu walioko Ulaya kuishika peke yao kwa miaka. Yote hii ni mazuri. Lakini kila mtu wa Kisangani anajua makelele yalipo: ni juu ya orodha. Nani ni mwathiriwa wa kweli, nani amejiandikisha bila haki, nani ameachwa. Pesa zikija mbele ya majina, inakuwa paka kama mabanga: mwenye uwezo anaitwa, mwenye haki anakaa kimya mu parsele yake.

Kuna neno lingine ambalo linanipasa kulisema, hata kama halitafurahisha wapenzi wa rumba. Tukisema jina, tuseme lote. Franco mkubwa wetu ndiye aliyeimba kampeni ya Mobutu mwaka 1984. Tabu Ley, ambaye sauti yake bazee wetu wanalilia mpaka leo, mwaka 2005 alikuwa makamu wa gavana wa Kinshasa ku kiti ambacho makubaliano ya amani yaliachia RCD, harakati ile ile ambayo maaskari wake waliingia Kasika na Mangobo. Sisemi aliua mtu, wala sisemi tusisikilize tena nyimbo zake. Nitazisikiliza mpaka nife. Nasema kwamba muziki na vita havikukaa mu nyumba mbili. Watu walewale walipita mlango wa huku na wa kule. Mwanahistoria hapaswi kuwa mshabiki, hata wa mtu anayempenda.

Nimesikia pia wale wanaosema: muache, mnafungua vidonda, watu wanataka kucheza na kusahau. Mimi najibu: nani amesahau? Mama ambaye mtoto wake alikufa tarehe 6 mwezi wa sita 2000 hajasahau. Tumesahau paka sisi ambao hatukufiwa. Na watu wa Kisangani walicheza hata wakati wa vita, mto umefungwa, mashua za Kinshasa hazipandi, chumvi ni shida, toleka ndiyo gari peke yake. Kucheza hakukuwafanya wasahau. Kuliwasaidia kushika siku.

Basi sisi wahitimu tufanye nini? Hotuba tunazo mingi. Kila mwaka mwezi wa sita kuna misa, kuna maua, kuna mtu anasoma "zaidi ya elfu moja", mwingine anasoma "760", na tunarudi nyumbani. Napendekeza kazi ndogo, lakini ya kweli.

Sisi wote tumeandika memwari ili tutoke iniversite. Tulilia juu yake, tulikopa pesa ya kuichapisha, tukaitetea mbele ya walimu, na leo nyingi zinakula vumbi. Neno lile kwa Kifaransa maana yake ni kumbukumbu. Kwa nini mwanafunzi wa historia, wa sheria, wa sosiolojia asichukue avenyu moja tu? Avenyu moja ya Mangobo, ya Tshopo, ya Makiso. Si mji mzima, si "athari za vita mashariki mwa Congo" ya kurasa mia moja ambayo hakuna anayeisoma. Avenyu moja, na mwisho wake orodha.

Kila jina liandikwe na vitu vyake. Jina lote, na jina la mtaani ambalo watu walimwita. Umri, hata wa kukadiria. Kazi: alikuwa anauza mikate, alikuwa anaendesha toleka, alikuwa darasa la tano. Siku na mahali. Alikufaje. Alizikwa wapi, kama alizikwa. Nani anasema, na huyo aliona kwa macho ao alisikia. Wanawake waandikwe kwa majina yao wenyewe, si "mama ya fulani". Watoto wachanga nao waandikwe, hata yule ambaye alikuwa hajapewa jina: tuandike mtoto wa nani. Na pale wawili wanapingana, tuandike maneno ya wote wawili, tusichague yenye kutupendeza.

Jina la mfu liwe wazi, kama familia inakubali. Lakini jina la shahidi lilindwe, juu baadhi ya waliofanya wangali hai, na wengine wana vyeo. Familia ikisema hapana, tuheshimu hapana yao. Na hakuna kuahidi pesa. Mtu akiuliza "mutatulipa?", jibu ni: hatuna pesa, tuna kaye. Orodha isiyo na pesa ndani yake ndiyo inaweza kuaminiwa na wale wa FRIVAO, na wa FONAREV, na jaji wa kesho. Nakala moja ibaki ku paruwasi ao ku msikiti, moja ku komini, moja ku biblioteki ya iniversite, ingine itoke nje ya mji. Makaratasi ya mahali pamoja yanaungua mara moja, sisi wa Kisangani tumeona.

Wakati unatukimbiza. Mtu aliyekuwa na miaka hamsini wakati wa siku sita sasa ni mzee sana, kama bado yuko. Kila matanga ya mzee tunayokwenda, tunazika pamoja naye majina matano, sita, ambayo alikuwa anayajua peke yake. Tunakula, tunacheza rumba ya zamani, na tunarudi bila kuuliza kitu.

Kiisha, kwa wale kati yenu walio wanamuziki, na najua mko: hakuna sheria inayosema libanga ni kwa wenye pesa tu. Kallé alitia inchi nzima ndani ya dakika tatu. Orodha ya avenyu moja ina majina kumi na tano ao ishirini, inaingia kabisa ndani ya sebene. Mama zetu waombolezaji walifanya kazi ile bila kipaza sauti.

Mwezi wa sita utakaokuja, kabla ya kuandika "zaidi ya watu 760" kwenye ukurasa wako, nenda kwanza kwa jirani mmoja, keti, na uulize jina moja. Kiisha uandike lile.